Mchezo, Jasho na Mti: Kutoka Rollerball hadi Pumzi

Filamu za distopia, yaani zile zinazosawiri jamii ya siku za usoni iliyokwenda kombo, aghalabu huuweka uwanja wa michezo katikati ya dola. Wahakiki wengi huufasiri uwanja huo kuwa kileo: watawala huupa umma damu ili usidai haki. Fasiri hii ni sahihi, ila haitoshi. Makala haya yanalinganisha Rollerball (1975) ya Norman Jewison na Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu, kwa hoja kwamba kiini cha ukatili hakimo katika damu inayotazamwa, bali katika swali la nani anayemiliki jasho la mchezaji.

Katika Rollerball, ulimwengu wa mwaka 2018 unatawaliwa na makampuni. Jonathan E., nyota wa timu ya Houston, anaamriwa astaafu kwa kuwa umaarufu wake unakanusha funzo ambalo mchezo uliundwa kulitoa: kwamba juhudi ya mtu mmoja haifui dafu. Anapokataa, wakuu wanabadili kanuni. Adhabu zinafutwa, wachezaji wa akiba wanaondolewa, hatimaye hata kikomo cha muda kinatoweka. Ukatili, basi, hauji kwa kuvunja sheria. Unaletwa na sheria yenyewe.

Pumzi, filamu ya dakika 20 hivi, haina uwanja wala watazamaji. Miaka 35 baada ya Vita vya Maji, wakaazi wa Maitu hufanya mazoezi kwenye mitambo inayozalisha umeme, na jasho lao husafishwa likawa maji ya kunywa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapong'ang'ania kutoka nje ili apande mche wake, hupelekwa kwenye mitambo hiyo kwa nguvu. Kahiu ameondoa mpira, damu na shangwe. Kilichosalia ni mwili unaokamuliwa.

Kwa msomaji wa Embu na Meru, taswira hii si ngeni. Mto Tana, unaopokea maji ya mito ya Mlima Kenya, umejengewa mabwawa matano ya umeme upande wa Mbeere na majirani zake: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Nguvu ya mto iliangaza miji ya mbali, huku vijiji vingi vilivyoyatazama mabwawa hayo vikiendelea kwa miaka mingi kutumia koroboi. Msomaji huyo hahitaji kuelezwa kwamba anayetoa nguvu na anayefaidi nguvu huweza kuwa watu wawili tofauti.

Aidha, filamu zote mbili zinakutana kwenye mti. Wageni wa karamu katika Rollerball huiteketeza miti kwa bastola ya moto, wakicheka. Huo nao ni mchezo, na pengine ndio wa kutisha zaidi, kwani hauna mshindani. Asha, kinyume chake, anaumwagilia mche maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Katika nchi ambamo mugumo uliheshimiwa kama mahali pa sala na sadaka, tendo hilo lina uzito wa ibada.

Hata hivyo, Pumzi ina udhaifu wake. Baraza linalotawala Maitu halichambuliwi, na mtazamaji haelezwi ni nani hasa anayenufaika. Isitoshe, kama Jonathan, Asha anamaliza akiwa peke yake. Lakini tofauti ipo: Jonathan anabaki uwanjani, akishangiliwa na umma uleule uliokuja kutazama vifo, ilhali Asha alitoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa msalani ambaye hapo awali alimgawia maji. Rollerball inathibitisha kwamba mtu mmoja aweza kukataa kushindwa. Pumzi inakwenda mbali zaidi: inamwonyesha mtu akilitwaa jasho lake kutoka mikononi mwa dola na kulitoa kwa hiari kwa kitu kitakachoishi baada yake.