Masista wa Oregon mbele ya Tribinali Kuu

Wasomaji wetu wengi wanajua hukumu ya Oregon kwa njia ya Baba Mtakatifu Pius XI, aliyeitaja katika «Divini Illius Magistri», mwaka 1929, alipofundisha juu ya haki ya wazazi. Ni vema tuisome yenyewe pia. Ni fupi, na msingi wake sio ule tunaodhani.

Mwezi wa 11, 1922, watu wa jimbo la Oregon, katika inchi ya Marekani, walipiga kura wakapitisha sheria: watoto wa miaka 8 mpaka 16, isipokuwa wachache, wasome katika shule za Leta tu, tangu mwezi wa 9, 1926. Wafamasoni na watu wa Ku Klux Klan waliitetea kwa nguvu. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria walishtaki, pamoja nao shule moja ya kuzoeza vijana mambo ya kiaskari. Tarehe 1 mwezi wa 6, 1925, Tribinali Kuu iliwapa haki, mazuzi wote kwa sauti moja.

Kwa sababu gani? Msomaji atatafuta uhuru wa dini, hatauona. Nyongeza ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, inakataza jimbo lisimnyang'anye mtu uzima, uhuru ao mali pasipo kufuata njia ya haki ya sheria. Zuzi McReynolds aliandika kwamba shirika haliwezi kudai uhuru ule, kwani si mtu wa mwili. Lakini lina mali, na sheria isiyo na sababu nzuri ingeiharibu: wanafunzi wangeondoka, nyumba zingebaki tupu. Basi, njia ya haki si utaratibu wa kupiga kura tu. Sheria yenyewe lazima iwe na shabaha halali. Juu ya wazazi na malezi alisema maneno mazuri sana, lakini kati ya washtaki hakukuwa mzazi hata mmoja!

Hapo ndipo ninapolaumu. Mwaka 1923 Tribinali ileile, kwa maneno ya Katiba yaliyo ya namna hiyo, ilikuwa imefuta sheria ya mshahara wa chini wa wanawake katika mji mkuu, eti inavunja uhuru wa kupatana. McReynolds alikubali. Aliyesoma «Rerum Novarum» (1891) atashangaa, kwani Leo XIII alitetea mali na mshahara wa haki pamoja.

Mwaka 1937 mazuzi waligeuka, wakakubali sheria ya mshahara ya jimbo la Washington. McReynolds akabaki kati ya wanne waliokataa. Lakini hukumu ya Oregon haikuanguka nayo. Waliofuata waliacha majengo ya Masista, wakashika yale maneno machache juu ya wazazi. Mwaka 2000, katika shauri la babu na bibi waliotaka kuonana na wajukuu, Zuzi O'Connor aliitaja tena, na habari ya mali hakuigusa.