Mashine ya Juisi Huhukumiwa kwa Machicha Yake

Katika maonyesho ya biashara ya mwaka huu, mbele ya banda lililojaa watu kuliko mabanda yote ya jirani yake, nilimwona muuzaji kijana, hodari wa maneno, akitumbukiza karoti nzima katika mdomo wa mashine ya kukamulia juisi, na mashine ile ikanguruma, ikatetemeka juu ya meza, ikajaza bilauri kabla mtu hajamaliza kuuliza bei yake. Na watu, wake kwa waume, wakapiga makofi. Theluthi ya bilauri ilikuwa povu. Hakuna hata mmoja katika umati ule aliyeuliza machicha yako wapi, wala muuzaji hakuwa na haja ya kuyaonyesha, maana ndoo iliyoyapokea ilikuwa chini ya meza, nyuma ya kitambaa kilichoning'inia mpaka sakafuni. Niliinama, nikakifunua kitambaa, nikachota konzi moja, nikaifumba. Maji yakanitiririka hadi kifundo cha mkono. Kilichoshangiliwa kwa jina la ukamuaji kilikuwa ukwanguaji mtupu, na sehemu kubwa ya fedha za mnunuzi ilikuwa imelala katika ndoo ile.

Uchungu wangu si juu ya kijana, ambaye riziki yake ni kuuza. Ni juu ya watu wenye elimu yao ambao wamejitwika kazi ya kuwashauri wenzao katika mambo ya jikoni, nao husifu wati, husifu rangi, husifu upana wa mdomo na wepesi wa kujaza bilauri, wasiguse hata siku moja kile ambacho mashine imekitupa, ilhali hicho ndicho shahidi wa pekee asiyeweza kufundishwa uongo na muuzaji.

Blenda naiweka kando. Ina heshima yake katika maembe, mapapai, maparachichi na ndizi, matunda ambayo nyama yake ndiyo kinywaji chenyewe, lakini blenda haikamui, na mwenye kuihesabu miongoni mwa mashine za kukamulia amekwisha kupotea kabla ya kuanza safari. Zinazobaki ni za namna tatu. Iko ya kasi, ambayo kisahani chake cha meno na kikapu chake huzunguka kati ya mara 6,000 na 14,000 kwa dakika. Iko ya parafujo, moja au mbili, ambayo huzunguka polepole, aghalabu baina ya mara 40 na 110 kwa dakika, ikitafuna na kushindika kwa mkupuo mmoja. Na iko ya shinikizo, ambayo husaga kwanza, kisha kilichosagwa hufungwa ndani ya kitambaa na kubanwa baina ya mabamba mawili. Ya kwanza ni ya mtu mwenye haraka na matufaha mengi. Ya pili ndiyo mashine ya nyumbani. Ya tatu ni bora kuliko zote, na bei yake huwafukuza wengi.

Sasa nije kwenye machicha, nami hapa nitakaa.

Watu wa pwani tulipewa elimu hii kabla umeme haujaingia majumbani. Bibi zetu walipokuna nazi juu ya mbuzi, wakaitia maji ya vuguvugu, wakaipakia katika kifumbu na kuisokota, hawakumpima mkamuaji kwa wingi wa tui lililokuwamo bakulini, kwa kuwa wingi huo yeyote aweza kuupata kwa kuzidisha maji. Walimpima kwa machicha. Bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye wali wake ulitakiwa katika kila harusi, alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya wasichana waliokuwa wakikamua, akachota machicha yaliyokwisha kutupwa katika ungo, akayafumba mara moja katika kiganja, akafumbua. Yakimomonyoka, alipita kimya. Yakibaki donge lenye alama za vidole, aliyarudisha katika kifumbu bila ya kumtazama aliyeyatupa, na fedheha ya kimya kile ilifundisha zaidi kuliko karipio. Sijaona mizani iliyo adili kuliko kiganja kile, na kila mashine niliyotakiwa kuitolea hukumu nimeihukumu kwa mizani hiyo.

Lakini lazima ijulikane ni wakati gani wa kuchota. Machicha ya mwanzo hayana ushahidi, kwa sababu parafujo iliyo tupu haijapata cha kushindiliana nacho, na hata mashine njema hutema maji na nyuzi pamoja mpaka mdomo wake wa nyuma uzibwe na machicha yake yenyewe. Ngoja robo kilo ya karoti ipite, ndipo uchote. Fumba kwa nguvu zako zote. Ukitokwa na tone moja au mawili, hiyo ni mashine. Ukiloa kiganja, ni mashine ya kuvumiliwa. Yakitiririka, mrudishie mwenyewe. Kisha yatazame: machicha ya karoti iliyokamuliwa sawasawa hupauka, ilhali yale yanayong'ara kwa wekundu yamebaki na mali. Karoti ina maji karibu sehemu 88 katika kila sehemu 100 za uzito wake, na mashine isiyoweza kukutolea japo nusu ya uzito huo haistahili kuingia katika nyumba ya mtu anayenunua karoti kwa fedha yake. Ukiona shaka ingali ipo, yapitishe machicha tena katika mashine ileile. Mara ya pili ikikupa zaidi ya vijiko vichache, basi mara ya kwanza ilikuibia.

Kwa majani, kiganja peke yake hakitoshi. Twaa machicha ya mchicha, yatandaze kwa ukucha juu ya sahani nyeupe, utafute mishipa. Ukiona vipande bapa, vyenye kingo na mishipa yao kamili, jani lilikatwa, halikusetwa. Maji ya jani yamehifadhiwa ndani ya vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kisu, hata kikiwa kikali namna gani, hufungua vile tu vilivyo ukingoni mwa mkato, na vilivyo ndani huenda ndooni vikiwa vimefungwa. Machicha ya jani lililosetwa barabara hayana umbo. Ni uzi na vumbi la kijani, na hukauka juu ya sahani kabla hujamaliza kunywa. Hapa ndipo mashine za kasi huaibika zote, na hapa ndipo parafujo pacha, ambazo husaga jani baina ya meno yao, huthibitisha ubora wake juu ya parafujo moja.

Iko hadaa moja ambayo mwenye kujua machicha nusu huanguka ndani yake. Chujio lenye matundu mapana hupitisha nyama ya tunda pamoja na maji, na kwa hiyo yanayotoka nyuma huonekana makavu kwa kuwa ni machache. Basi machicha na bilauri viamuliwe pamoja: mimina juisi juu ya kitambaa chembamba, na kikibaki juu yake zaidi ya vijiko viwili kwa bilauri moja, ukavu ule ulikuwa wa uongo. Hadaa nyingine ni ya muuzaji achaguaye tango na tikiti kwa maonyesho yake. Tango lina maji sehemu 95 katika 100, tikiti 92; kukamua hivyo si ustadi, na mashine haikujaribiwa. Mwambie atie fungu la mchicha na kipande cha tangawizi, umtazame uso.

Miongoni mwa mabingwa wa kazi hii namheshimu Norman Walker, aliyezaliwa Genoa mwaka 1886 na kufa katika jimbo la Arizona, Marekani, mwaka 1985. Mengi aliyodai juu ya kuponya maradhi kwa juisi siyakubali, na wako waliomwongezea umri ambao hakuufikia, kwani alikufa na miaka 99. Lakini katika ufundi alikuwa na insafu. Mashine ya Norwalk, aliyoibuni katika miaka ya 1930, ilitenga kazi mbili ambazo wengine walizichanganya: kusaga kwanza, kugandamiza baadaye, na kitambaa chake kikifunguliwa, machicha hutoka bamba moja kavu linalovunjika mkononi.

Na miongoni mwa ghiliba, mfano mkubwa wa zama zetu ni Juicero, kampuni ya California iliyokusanya dola milioni 120 hivi kwa wawekezaji, ikauza mashine kwa dola 699, kisha 399, pamoja na vifuko vya matunda na mboga zilizokwisha kukatwakatwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 waandishi wa Bloomberg walionyesha kwamba kifuko kikibanwa kwa mikono mitupu hutoa juisi karibu sawa na ile ya mashine, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo kampuni ikafunga milango. Dunia ilizungumza juu ya bei na mikono. Mimi nililoliona zaidi ni kwamba machicha yalibaki ndani ya kifuko kilichofungwa, na mnunuzi akanyimwa ushahidi tangu siku ya kwanza. Kwa aliyezoea kufumba kiganja, jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya aondoke.

Katika kuilaumu kasi, sharti tuilaumu kwa haki. Wauzaji wa parafujo nao wana uzushi wao, kwamba mashine ya kasi huchemsha juisi mpaka faida yake ikafa. Tia kidole katika bilauri: joto lililoongezeka ni dogo. Kosa la kasi, mbali na machicha mabichi, ni hewa. Hewa ikipigwa ndani ya juisi huleta povu, juisi ya tufaha hugeuka rangi ya kahawia upesi, na bilauri ikiachwa mezani hugawanyika, maji chini na takataka juu. Juisi iliyoshindikwa polepole hukaa imeshikamana, nayo hutelemka kooni kwa uzito unaojulikana na kila aliyewahi kuionja.

Parafujo na ilale. Siku hizi zinauzwa nyingi zilizosimama wima, nazo hupendwa kwa kuwa huvuta matunda zenyewe na hazichukui nafasi mezani, lakini nyuzi ndefu za majani na mabua huzizonga shingoni, na mwenye nyumba hujikuta akifungua na kusafisha katikati ya kazi. Iliyolala humtaka mtu asukume kwa mkono wake, na mkono huo ndio unaojifunza: jani laini likifuatwa na karoti ngumu, nanaa ikikunjwa ndani ya mchicha, tangawizi ikikatwa vipande vyembamba kukingama na nyuzi zake. Mashine njema, tena, haingurumi, huguna.

Pasheni usiitie, kwani mbegu zake zikisagwa huleta ukali. Ipitishe kwenye chujio la mkono. Machungwa yamenywe. Kisamvu kibichi ni sumu, na hakuna mashine inayoondoa sumu hiyo. Kina kinu chake na moto wake. Wala miwa usiitie kamwe, maana nyuzi zake huvunja parafujo. Wa miwa wana magurudumu yao ya chuma, na wale wa zamani, waliozungusha gurudumu kubwa kwa mkono, walikuwa na adabu ambayo sasa inapotea: muwa uliopita mara moja ulikunjwa, ukatiwa ndimu na tangawizi katikati, ukapitishwa tena, na tena, mpaka ukatoka utepe mkavu usio na utamu hata ukiutafuna. Leo wengi hupitisha mara mbili, wakautupa ukiwa bado unadondoka, kisha hujaza bilauri kwa barafu, na mnywaji hulipa bei kamili kwa nusu ya muwa.

Juu ya wati nina maneno machache. Mota ya parafujo yenye wati 150 mpaka 250 hufanya kazi yote iliyoelezwa hapa, kwa kuwa hupunguzwa mwendo kwa meno ya gia na nguvu yake huongezeka kwa kupungua huko. Anayejisifu kwa wati 1,000 anasifu kelele na hesabu ya umeme. Tazama pia voliti zilizoandikwa chini ya mashine, maana iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka 120, na umeme wetu wa 230 utaiunguza siku ya kwanza.

Chujio lioshwe papo hapo, kabla ya kunywa, kwa burashi na maji yanayotiririka, kwani nyuzi zikikauka katika matundu yake huwa gundi. Ukinunua mashine iliyotumika, linyanyue chujio kwenye mwanga wa dirisha uhesabu matundu yaliyozibwa. Kisha pitisha kidole juu ya ukingo wa parafujo, na palipo na ufa hata mdogo ni pale mwenyewe alipojaribu muwa. Mwisho geuza bakuli, ukague mpira unaozunguka tundu la chini. Ukiwa umekakamaa au umepasuka, juisi huteremka ndani ya mota, na mota iliyoingiwa na juisi mafundi wengi huirudisha kama ilivyo. Kwa hiyo mpira wa akiba uombwe, utiwe mkononi, ndipo fedha itoke.