Kifaa cha Uchawi au Kifaa cha Ajabu? Tahakiki ya Rasimu Moja ya Istilahi

Rasimu ya istilahi tunayokusudia kuitahakiki katika makala haya haikutoka wizarani wala chuoni. Imeandikwa na kijana mmoja mfasiri kwa ajili ya wenzake wanaocheza mchezo wa kuigiza mezani, ambao wamechoka kucheza kwa Kiingereza na kucheka kwa Kiswahili. Yahusu kazi moja tu: namna mchezaji anavyojitungia kifaa chenye nguvu zisizo za kawaida, kama vile upanga, pete au fimbo, na kukiingiza katika programu ya kompyuta inayotunza habari za mhusika wake. Wapo watakaouliza kama jambo hili lastahili kurasa za jarida hili. Jibu letu ni kwamba istilahi za kazi hii zina tabia moja ambayo istilahi nyingi tunazoziunda hazina: zikikosewa, kosa huonekana papo hapo katika hesabu.

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, ule uliotangulia katika jamii yake ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Watu huketi mezani. Mmoja huwa msimulizi, na wengine kila mmoja hushika mhusika wake. Mambo yenye shaka huamuliwa kwa dadu, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile yenye nyuso 20. Nguvu, wepesi, akili na uhai wa mhusika huandikwa kwa tarakimu. Zamani tarakimu hizo ziliandikwa kwa penseli na kufutwa kwa raba. Siku hizi zipo programu zinazozikokotoa. D&D Beyond, iliyoanza mwaka 2017, ndiyo iliyofuatwa na rasimu. Humo mchezaji hujaza fomu: jina la kifaa, aina yake, uadimu wake, maelezo yake, kisha athari zake.

Tuanze na jina kuu. Mfasiri ameandika "kifaa cha uchawi", na ametumia neno hilo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kusita. Hapa hatukubaliani naye hata kidogo. Katika Kiswahili uchawi ni uovu. Aponyaye au akingaye hafanyi uchawi, hufanya uganga. Achezaye jukwaani kwa wepesi wa mikono hufanya kiinimacho au mazingaombwe. Neno la Kiingereza limeyakumbatia yote hayo kwa mkono mmoja, na mfasiri amechagua lile baya kuliko yote kumwita pete inayomsaidia mtu kuogelea. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchawi ya Tanzania, yenye asili yake katika amri ya kikoloni ya mwaka 1928, inavitaja vifaa vya uchawi, na kuwa navyo ni kosa. Basi kijana atakayechapa karatasi ya mhusika wake yenye kichwa "Vifaa vya Uchawi Ninavyomiliki" na kuisahau katika dawati la shule atakuwa ameandika maneno ya hati ya mashtaka. Katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, hatuna budi kuwa waangalifu na neno hili hata katika mchezo.

Tumepima maneno mengine. Sihiri haina nafuu, kwa kuwa mafundisho ya dini yameihukumu zamani. Hirizi na talasimu ni vitu mahususi, na haziwezi kubeba upanga. Muujiza una wenyewe. Lililobaki ni neno ambalo wasimulizi wetu wamelitumia siku zote kwa taa na pete za majini katika Alfu Lela Ulela: ajabu. Tunapendekeza "kifaa cha ajabu".

Mfasiri atatupinga kwamba neno hilo amekwisha kulitumia kwa tabaka moja dogo la vifaa, ambalo Kiingereza cha siku hizi kimelipa jina la fahari lenye maana hiyo hiyo. Lakini na alitazame tabaka lenyewe. Limekusanya kila kitu kisicho silaha, wala vazi la vita, wala pete, wala fimbo ya aina yoyote, wala dawa ya kunywa, wala hati ya kukunja: yaani mabaki. Kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979 kiliyaita kwa uaminifu kuwa ni mchanganyiko tu. Sisi na tuyaite "vifaa vinginevyo", kama ifanyavyo fomu yoyote ya serikali, na neno ajabu libaki kwa kazi kubwa zaidi.

Makosa mengine ni ya kuchekesha, nayo tutayapita upesi. Fimbo fulani ya kurushia mishale ya nuru ina mara 7 za kutumiwa, na baadhi ya mara hizo hurejea kila alfajiri. Rasimu inasema fimbo hiyo ina "mashtaka 7". Sisi tungesema mikupuo 7. Kifaa alichojitungia mchezaji mwenyewe kimeitwa "cha pombe ya nyumbani", kwa sababu Waingereza waliazima neno lao huko. "Kifaa cha kujitungia" chatosha. Katika ngazi za uadimu, rasimu imeweka "nadra" ngazi ya tatu na "adimu" ngazi ya nne, na hakuna Mswahili awezaye kusema kipi kati ya hivyo ni haba zaidi ya kingine. Adimu, kisha adimu sana: mpangilio uonekane katika neno lenyewe.

Sasa tuingie penye uzito. Fomu ya programu ina sehemu mbili zinazofanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa kazi. Maelezo husomwa na watu. Programu yenyewe hayaielezi kitu. Mtu aweza kuandika humo kwamba pete yake huzima volkano, na tarakimu za mhusika zisisogee hata moja. Zinazosogeza tarakimu ni zile athari zinazochaguliwa katika orodha, ambazo rasimu imeziita "vivumishi" (walimu wa sarufi watatusamehe) na ambazo tunapendekeza ziitwe vibadilishi. Mfasiri wetu ameyafasiri maelezo kwa Kiswahili kitamu sana, na tunampongeza kwa dhati. Ila jasho lake lote limekwenda kwenye sehemu isiyotenda, na vibadilishi amevipitia kama anayepita sokoni jioni.

Mfano ulio wazi ni glavu za nguvu za zimwi. Sheria ya mchezo, kwa toleo la mwaka 2014, yasema nguvu za anayezivaa huwa 19, na kwamba aliye na 19 au zaidi hapati kitu. Rasimu yasema glavu "huongeza nguvu 19", na katika orodha ya vibadilishi neno "ongeza" limetumika kwa chaguo mbili ambazo katika programu ni mbali mbali: moja hujumlisha, na nyingine huweka kima. Mchezaji mwenye nguvu 12 akijumlisha kwa kalamu atapata 31, na hali joka jekundu lililo kongwe kuliko yote lina 30. Programu nayo itatii chaguo alilopewa. Ama itajumlisha, ama itakomea kwenye ukomo wake. Kwa vyovyote haitatoa 19. Mchezaji ataisingizia programu, kumbe kosa ni la kamusi.

Mtumishi yeyote wa serikali angeweza kumsaidia mfasiri huyu. Anajua kwamba nyongeza ya mshahara na kima cha chini cha mshahara ni vitu viwili. Kima kikitangazwa, aliye chini yake hupandishwa hadi kilipo, na aliyekwisha kukipita hubaki alipokuwa. Glavu za zimwi hufanya hivyo hasa. Maneno tunayo, nayo yana kazi kila mwezi: nyongeza, na kima.

Kadhalika rasimu imetumia "kinga" kwa hali mbili. Kuna mhusika ambaye moto wa madhara 40 humfikia ukiwa 20, na kuna yule ambaye haumfikii kabisa. Tulipenda kwanza neno ukinzani kwa yule wa kwanza, kama lilivyo katika somo la umeme, ila tumeona kwamba msomaji hatalitambua kiasi chake. "Kinga nusu" na "kinga kamili" hayana urembo, lakini hesabu imo ndani.

Kuhusu vifaa ambavyo havitumiki mpaka mwenyewe awe ameketi navyo kwa muda na kuzoeana navyo, na ambavyo mtu mmoja haruhusiwi kuwa navyo zaidi ya 3 kwa wakati mmoja, rasimu imeweka "kusawazishwa". Hilo ni la fundi wa redio. Sisi twapendekeza kufungamana, kwa kuwa uhusiano huo ni wa pande mbili na una mpaka. Walioishi enzi za nchi zisizofungamana na upande wowote hawatahitaji kufafanuliwa.

Tulijaribu mapendekezo yetu kwa kutunga kifaa kimoja: sindano ya shaba iliyomuua Fumo Liyongo. Ni silaha ndogo, hivyo ilianzishwa juu ya msingi wa kisu kifupi. Uadimu wake tuliupa ngazi ya juu. Lakini kibadilishi tulikwama nacho. Tukiipa nyongeza ya shabaha au ya madhara, itakuwa hatari kwa kila mtu, na kisa hakisemi hivyo: hatari yake ilikuwa kwa mtu mmoja, tena kitovuni tu, na kwa mkono wa mwanawe akiwa amelala. Orodha ya vibadilishi haina mahali pa kitovu. Sharti lote hilo huangukia katika maelezo, ambako programu haifiki na msimulizi ndiye hakimu.

Hapo ndipo Kiswahili kitamu cha rasimu kinapohitaji kukazwa. Mfasiri ameandika kila mahali "anaweza": mwenye kifaa anaweza kuruka (ana ruhusa), anaweza kuinua jiwe (ana uwezo), anaweza kuteketea (kuna hatari). Msimulizi hawezi kuhukumu kwa neno hilo moja. Tungeandika "anaruhusiwa" kwa la kwanza, tuache "anaweza" kwa la pili, na "huenda akateketea" kwa la tatu. Kwa sindano yetu tuliandika hivi: "Mwenye kinga kamili dhidi ya silaha zote hudhuriwa na sindano hii, ikiwa tu amechomwa kitovuni naye amelala. Huenda asife palepale." Sentensi hii ya mwisho tuliiongeza kwa ajili ya Liyongo aliyekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji. Rasimu tumemrudishia mfasiri pamoja na masahihisho haya, na neno alilolipinga hadi sasa ni "vinginevyo".