Mashine Moja, Wagonjwa Wawili: Nani Ametangulia?

 

Machi 2020, korona ilipopamba moto, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliulizwa swali zito: mashine ya kupumulia ni moja, wagonjwa wawili, apewe nani? Jibu lake kwa ufupi: aliyekwisha kuwekewa na bado anaihitaji asinyang'anywe kwa ajili ya aliyekuja nyuma yake. Daktari akishindwa kuamua, atangulizwe aliyefika mwanzo, ila ikiwa hakuna tamaa ya kupona.

Sehemu ya kwanza ina asili madhubuti. Imamu Ghazali (aliyefariki 505 H), katika al-Mustasfa, alikataa abiria mmoja atoswe baharini ili wengine waokoke, hata kwa kura. Madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Tatizo ni hilo la "aliyefika mwanzo". Kwetu Mabibo, mwenye gari hufika Muhimbili kabla ya yule aliyeanzia zahanati, akangoja rufaa, kisha akahangaika kutafuta bajaji. Huyu wa pili huenda ndiye aliyetangulia kuugua. Basi aliyetangulizwa hapo ni mali, si mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alionya kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge. Hadithi ile ni ya hadi ya wizi, lakini maana yake haiishii hapo.

Kwa hiyo daktari atazame kwanza haja na matumaini ya kupona. Wakilingana, ipigwe kura. Izzu-d-Din bin Abdis-Salam (aliyefariki 660 H) ameeleza kuwa haki zikilingana kura huondoa kinyongo, na Mtume (s.a.w.) aliwapigia kura wakeze safarini. Wala hili halipingani na Ghazali: kura ya jahazini inaua, hii inagawa kitu ambacho bado hakijawa cha mtu.

Wako wasemao, "Ajali ni ya Mungu, ya nini kuchagua?" Ndiyo, ajali ni ya Mungu, lakini anayechagua ataulizwa kwa uchaguzi wake.

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 za kukabili korona, na sehemu yake ikaenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Vitanda viliongezeka, kanuni ya nani atangulie je? Maimamu, tukae na madaktari wetu sasa, kabla maradhi mengine hayajabisha hodi.

Wallahu aalam.