Ombi la Mwisho la Liyongo: Hukumu ya Kifo Katika Mighani na Tamthilia

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu Fumo Liyongo, aghalabu hukimbilia mambo mawili: ushujaa na usaliti wa mwana. Alama hupatikana, lakini sehemu nzito ya kisa hupitwa. Kabla mwana hajatumwa na sindano ya shaba, Liyongo alikuwa amekwisha kufungwa gerezani Pate na kukatiwa shauri la kuuawa.

Hebu itazame sehemu hiyo katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mjumbe anamwendea mfungwa kumwuliza anataka nini kabla ya kufa. Liyongo anaomba ngoma ya gungu na mwao. Mamake anaoka mikate mizuri, walinzi wanaila. Mkate wa wishwa wanaudharau, na ndani yake mna tupa. Kelele za ngoma zikipanda, tupa inakata pingu. Hapa kuna taharuki na kuna kinaya, maana kibali cha mtawala ndicho kinachomwokoa mfungwa. Lakini usiishie kwenye mbinu. Uliza: kwa nini mtawala anayetaka kuua aone lazima kumsikiliza anayeuawa? Jamii iliyokihifadhi kisa hiki ilitambua kuwa hata aliyehukumiwa ana kauli. Hukumu ya hadharani ilipomshinda, mtawala alirudia njia ya siri: akamrubuni kijana kwa ahadi ya kumwoza bintiye.

Kithaka wa Mberia aliichota mighani hii katika Kifo Kisimani (2001), tamthilia iliyosomwa sana na watahiniwa wa miaka ile. Bokono anamtumia Gege kummaliza Mwelusi, na chambo ni kile kile, ndoa na Alida. Ukilinganisha kazi hizi mbili utaona zote zinatupa mhukumiwa asiye na hatia, tena mpendwa wa watu. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wa majibu mengi tunayosahihisha. Ni rahisi kuandika kwamba kuua ni ukatili wakati anayeuawa ni Liyongo. Je, akiwa ameua kweli?

Swali hilo halikujibiwa na fasihi. Lilijibiwa mahakamani, na papa hapa Mombasa. Mwalimu wa kisiwani anaweza kutoka Feri na wanafunzi wake, afuate njia ya Mama Ngina hadi Fort Jesus, ngome ambayo Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, awaeleze haya wakiwa wamesimama kwenye kuta zenyewe. Chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, hakimu aliyemtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia hakuwa na hiari: adhabu ilikuwa kifo, awe mshtakiwa na lipi la kusema. Tarehe 30 Julai 2010, katika rufaa ya Godfrey Mutiso, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema ulazima huo unakiuka Katiba. Mahakama hiyo hiyo iligeuza msimamo mwaka 2013, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Adhabu yenyewe haikufutwa. Kilichobadilika ni kwamba aliyeua asikilizwe kabla ya kupimiwa adhabu. Liyongo alisikilizwa baada ya shauri kukatwa, kwa hisani tu.

Kumbuka pia kuwa watu wa mwisho kunyongwa Kenya walinyongwa mwaka 1987, kwa jaribio la mapinduzi la 1982, na kwamba mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mtahiniwa asiyapachike haya katika insha ya fasihi; yamsaidie kusoma tu.

Swali la kujaribu darasani: "Mlinzi aliyeudharau mkate wa wishwa ana hatia gani mbele ya mtawala wake?" Wape dakika kumi, na usikubali jibu la "uzembe" bila maelezo.