Kuhesabu Swala kwa Miguu

Ukisikia wanachuo wa Mweka wako "safari ya mafunzo" unaweza kudhani wameenda kupunga upepo. Chuo hicho cha usimamizi wa wanyamapori kilianzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mafunzo ya porini ndiyo uti wa mgongo wake. Zoezi moja tu, la kuhesabu wanyama kwa kufuata mstari, linatosha kuonyesha kazi iliyomo.

Chukua kundi lililopiga kambi katika Hifadhi ya Tarangire wakati wa kiangazi. Mstari umenyooshwa kwenye ramani, dira mkononi, askari mwenye bunduki mbele. Wanatokea swala wanane. Mmoja anapima umbali: mita 120. Wa pili anasoma pembe kutoka kwenye mstari: nyuzi 30. Wa tatu anaandika. Kinachotafutwa si zile 120, bali swala wako mbali kiasi gani na mstari wenyewe. Hapa ni mita 60. Vikipatikana vipimo vya kutosha, walau makundi 60 hadi 80, namna wanyama wanavyopungua kwenye daftari kadiri umbali unavyoongezeka ndiyo inayokadiria wangapi wamepitwa bila kuonekana.

Hesabu yote hiyo inasimama kwanza juu ya sharti hili: aliye juu ya mstari asikose kuonekana. Na hapo ndipo wanafunzi huanguka. Macho yote yako kwa tembo wa kule bondeni, huku digidigi ametulia chini ya kichaka hatua kumi mbele yao. Wengine huacha kipimo wakakisia kwa jicho; daftari linajaa 50, 100, 200, utadhani wanyama wamepangwa gwaride. Wapo pia wanaochoka na miiba wakahamia barabarani, ambako nyasi ni tofauti na magari yamekwisha kuwafukuza wanyama waoga.

Lakini utamu wa zoezi uko katika kurudia mstari uleule masika. Nyumbu na pundamilia waliobanana mtoni hawapo. Maji yamejaa, nyasi zimeota, kwa nini waondoke? Mkufunzi mzuri huliacha swali hilo lilale nao kambini. Wengi wamevuka kwenda mbuga za Simanjiro, mashariki, ambako nyasi zina fosforasi nyingi zaidi, madini ambayo jike anayenyonyesha hawezi kuyakosa.

Aliyeona daftari zote mbili, la kiangazi na la masika, akija kuwa mwongoza watalii huongoza wageni kwa namna nyingine. Akiulizwa nyumbu wako wapi, hasingizii bahati mbaya. Ananyoosha mkono upande wa Simanjiro na kueleza kwa nini mashamba na uzio vikiziba njia hiyo, hifadhi yenyewe itapungukiwa.

Enyi wakuu wa vyuo vya utalii mnaowapeleka vijana porini mara moja tu, Julai, kisha mkawapa cheti: warudisheni Machi.