Digrii, Dakika na Isba: Kubadili Vipimo vya Pembe katika Bahari ya Kuruwitu

Eneo tengefu la Kuruwitu, ambalo wavuvi wa pwani ya Kilifi walilifunga katikati ya miaka ya 2000 ili samaki na matumbawe yapate kurudi, lina hekta 30 hivi tu. Kama lingekuwa mraba, kila upande ungekuwa na mita 550 hivi, ambazo kwa kipimo cha latitudo, yaani pembe inayoonyesha umbali wa mahali kutoka ikweta, hazifiki hata digrii 0.005. Kwa eneo dogo kiasi hiki, mpaka uliopimwa kwa uangalifu baharini waweza kupotezwa mezani, pale pembe inapobadilishwa kutoka kizio kimoja kwenda kingine.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Duara lina digrii 360, digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Latitudo ya Kuruwitu ni karibu 3°48′ kusini. Dakika 48 zikigawanywa kwa 60 hutoa 0.8, na jumla yake na 3 ni 3.8°. Ramani za mabaharia hushikilia dakika kwa sababu dakika moja ya latitudo ni takriban sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, ilhali programu nyingi za ramani hupokea digrii za desimali.

Hatari imo katika nukta. Anayeandika 3.48 badala ya 3°48′ huwa ameusogeza mpaka kwa digrii 0.32, sawa na kilomita 35 na nusu, akaupeleka kaskazini ya mji wa Kilifi kuelekea Watamu, wala kompyuta haimkatazi, kwa kuwa 3.48 nayo ni latitudo halali. Kosa la kinyume, la kuisoma 3.80 kama digrii 3 na dakika 80, hujifichua lenyewe, maana dakika hazivuki 59.

Radiani nayo ina mtego wake, ingawa si mbaya kiasi hicho. Radiani moja ni pembe ya katikati ya duara inayokabili tao lenye urefu sawa na nusu kipenyo, takriban digrii 57.3, na digrii hugeuzwa kuwa radiani kwa kuzidishwa kwa pai kisha kugawanywa kwa 180, hivyo 3.8° ni radiani 0.0663. Lugha nyingi za programu hukokotoa kosini kwa radiani, na kosini ya latitudo ndiyo inayotoa urefu wa dakika ya longitudo: kwa Kuruwitu ni 0.998, upungufu mdogo mno, kwa kuwa ikweta iko karibu. Iwapo 3.8 itaingizwa kana kwamba ni radiani, jibu litakuwa hasi 0.79, na umbali ulio hasi hautampita mkaguzi yeyote.

Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kizio chao, isba, upana wa kidole kinachopimia kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15, aliligawa duara katika isba 224, mgawanyo wa busara, kwani dira yake yenye sehemu 32 ilipata isba 7 kamili kwa kila sehemu; isba moja ikawa 1°36′ na ziada. Sulayman al-Mahri, aliyemfuata, alihesabu isba 210, kila moja ikikaribia 1°43′. Kwa kipimo cha kwanza, pembe ya 3°48′ ni isba 2.36, lakini tarakimu hiyo hiyo ikisomwa kwa kipimo cha pili hutoa zaidi ya digrii 4, tofauti ya maili 15 za baharini. Jina la kizio, basi, halitoshi bila kutajwa mgawanyo wake.

Vikundi vinavyosimamia fukwe vinaponakili mahali pa maboya, viandike alama za digrii na dakika kila mara, na kabla ya kuipeleka orodha kwa yeyote, vihakikishe kila nukta inaangukia baharini mbele ya Kuruwitu.